Tiketi ya Kushuka Popote

Nilikuwa Gitega nikipanga safari ya treni ya nchi nne za Ulaya, nikampigia simu mama, aliye nyumbani Muyinga, mwendo wa saa chache tu kwa basi. Nikamweleza kwamba tiketi ni moja tu: unashuka unapotaka, kesho unapanda tena. Mama, aliyekulia ukimbizini Tanzania, akafurahi kuliko mimi.

"Hiyo ndiyo tiketi ya watu wenye adabu! Yangu ya Kigoma ilinipitisha Tabora, dada yangu yuko pale pale mjini, nisiweze kushuka kumsalimia."

Kisha akauliza, nchi baada ya nchi, nitafikia kwa nani. Kila mara nikajibu hotelini, mpaka nikakasirika.

"Mama, kule sina mtu!"

Akauliza tena:

"Na hapa kwangu, mwanangu, utashuka lini?"