Vitanda Vyenye Magodoro Mawili

Mwaka ule chuo kilipochukua wanafunzi wengi kuliko nilivyowahi kuona, maji yalianza kutuishia saa nne asubuhi. Tangi la hosteli lilikuwa lile lile. Mvua ya Njoro ilikuwa ile ile, tena siku hizo haikutupa nafasi hata ya kuanika soksi. Lakini ikifika saa nne mifereji inakohoa hewa, na wasichana wananifuata na ndoo mkononi kana kwamba mimi ndiye nimeyanywa. Kazi yangu hasa ilikuwa kufundisha mambo ya udongo, ila pia nilikuwa msimamizi wa hosteli ya wasichana, na kwa ajili hiyo nilipewa nyumba ya mawe iliyo nyuma yake. Mbele yangu waliniita Mwalimu. Nyuma yangu waliniita kitu kingine, na nimejaribu sana kukijua nikashindwa.

Mimi ni mtu wa kupekuapekua, sifichi. Kitu kikinitatiza siwezi kula nikashiba mpaka nijue mwisho wake. Nikamwita fundi wa maji wa chuo. Akatembea kidogo, akautazama mti wa saipresi ulio langoni, akasema bila wasiwasi kwamba mizizi imepasua bomba. Nami nikaona amesema kweli, kwa sababu ule mti sikuupenda tangu mwanzo. Akachimba nyasi za mbele, zile nilizokuwa nikikataza watu kuzikanyaga. Bomba likaonekana zima kabisa. Akasema basi litakuwa limepasuka mbele kidogo, akachimba mbele kidogo. Kufikia Ijumaa mbele ya hosteli kulifanana na shamba la waru, vile viazi vya kule Kuresoi, na maji bado yalikuwa yanaisha saa nne.

Jumatatu, wasichana walipokuwa darasani, nikachukua funguo nikaingia vyumbani mwenyewe. Nilitaka kuona kama kuna mfereji umeachwa wazi mahali. Hakukuwa na mfereji wazi. Vyumba vilikuwa visafi mno, na hilo peke yake lingenishtua, maana nami nimewahi kuwa msichana wa chuo. Nikasimama mlangoni nikitazama, nikijua kuna kitu hakiko sawa ila sijui ni nini. Halafu nikaona ni vitanda. Vilikuwa virefu kwenda juu. Vitanda vya chuma vya kawaida, vilivyotandikwa vizuri, lakini vimenona.

Nikabonyeza kimoja kwa mkono. Nikainua shuka. Kulikuwa na godoro la chuo, na juu yake godoro lingine jembamba la sponji, limelala pale kwa adabu likingoja jioni. Nikaenda kitanda cha pili, vivyo hivyo. Nikavuka korido nikaingia chumba kingine, kile nacho hakikuwa na kitanda hata kimoja chembamba. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Kumbe bomba letu halikuwa na ubaya wowote. Maji yalikuwa yanaogwa tu.

Sasa nilitaka kujua mambo yote. Nikamwita kiongozi wa wanafunzi wa hosteli, msichana wa mwaka wa tatu mwenye mdomo mwepesi, nikamwahidi kwamba sitamshtaki mtu.

"Hao ni mapairati, Mwalimu," akasema. "Mtu akikosa kitanda, anatafuta mwenye ako nacho, wanalala pamoja. Kwani hukuwa unajua? Hata yule paka wa jikoni anajua."

"Mimi si paka wa jikoni. Nieleze."

Akanieleza, nami nikasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nchi nyingine, kumbe nchi yenyewe iko hatua chache kutoka dirisha langu. Pairati haombi, anaalikwa. Akija, haji mikono mitupu: wa mashambani analeta gunia la waru au maharagwe, wa mjini analeta sukari na mafuta. Haweki nguo kabatini, anaziacha kwenye begi. Anaoga mwisho. Mwenye kitanda akipata mgeni, pairati anakumbuka ghafla kwamba ana kazi maktaba. Na wakilala wanalala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku na mwingine kichwa kule, kwa sababu mabega ya watu wawili hayatoshi upande mmoja. Nilimuuliza ni nani aliyetunga sheria hizo. Akaniambia hakuna, walizikuta.

Mzungu wa nne niliujua. Nilizaliwa kwenye nyumba za reli pale Nakuru, chumba kimoja na jiko la pamoja, na mpaka nilipoenda shule ya bweni nilikuwa nikiamka na nyayo za dada yangu puani. Nilimpenda dada yangu. Nyayo zake sikuzipenda. Nilikuwa nimesahau kabisa habari hizo, na siku ile nilirudi nyumbani nikizifurahia.

Ningenyamaza hapo tungeendelea kuishi na ndoo zetu. Lakini mtu aliyetegua kitendawili ananyamazaje? Wiki ile kulikuwa na mkutano wa kamati ya malazi. Tuliambiwa kwamba mwaka unaofuata wanafunzi wataongezeka tena, kwamba hosteli mpya bado ni michoro, na kwamba nyumba za kupanga za nje, kuanzia langoni mpaka njia ya Molo, zimejaa. Mtu mmoja akapendekeza chumba cha televisheni kigeuzwe cha kulala. Mwingine akauliza kama kitanda cha ghorofa kinaweza kuongezwa ghorofa ya tatu, tukapoteza muda mwingi tukibishana urefu wa dari. Ndipo nami nikainua mkono nikaeleza habari ya maji, ya magodoro na ya mapairati, kwa furaha ile ile niliyokuwa nayo. Nilidhani watacheka. Nilidhani watasema, basi hawa wasichana wametupita akili, tujenge haraka.

Hawakucheka. Waliamua ufanyike msako. Mwenye kitanda angepewa onyo, asiye na kitanda angetoka chuoni siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akanishukuru kwa umakini wangu. Nilitoka pale nimekasirika, nikijiambia kwamba nimekasirikia kamati.

Kutoka maana yake ilikuwa nini, kila mtu alijua. Nje hakukuwa na chumba, na kilichokuwepo kilikuwa kimepandishwa bei. Aliyetolewa angeenda kwao aahirishe masomo, na wengi wanaoahirisha hatuwaoni tena.

Msako ulikuwa Jumamosi asubuhi. Niliandamana na mkuu wa walinzi, mzee mpole aliyestaafu uaskari, na habari zilikuwa zimefika kabla yetu, sijui zilipitia wapi. Vitanda vyote vilikuwa vimekonda. Tulipita chumba baada ya chumba tukiwakuta wasichana wanne wanne wakisoma Biblia na vitabu vya hesabu, na mkuu wa walinzi akawa anatabasamu kwa kona ya mdomo. Nami nilianza kupumua. Nikasema moyoni, tutamaliza hivi hivi, tutaandika kwamba hatukuona mtu.

Chumba cha mwisho walikuwa watano. Watatu walikaa kwenye vitanda vyao. Wawili walisimama kando ya kitanda cha dirishani, mmoja mrefu mwenye koti la mvua, mwingine mfupi mwenye miwani, na kile kitanda kilikuwa bado na magodoro yake mawili. Hawakuwa wamejificha hata kidogo.

"Hiki kitanda ni cha nani?" mkuu wa walinzi akauliza.

"Ni chake," akasema yule mrefu, akimwonyesha mwenzake.

"Ni chake," akasema yule mfupi, akimwonyesha yule mrefu.

Mzee akanitazama. Akawaeleza polepole, kama babu yao, kwamba mwenye kitanda haendi popote, kwa hiyo mwenye kitanda aseme tu kwamba ni chake. Wakasema walikuwa wameelewa tangu mwanzo. Akauliza tena, na kila mmoja akampa mwenzake kile kitanda kwa mara ya pili. Wale watatu wengine wakainamia vitabu. Nikawauliza, nao wakasema hawajui, wao walikuta tu.

Ofisi ya malazi hufungwa Jumamosi. Mzee akaamua kwamba wote wawili watoke chumbani na vitu vyao, wakae kwangu mpaka Jumatatu ofisi itakapofunguliwa na mwenye kitanda ajulikane. "Wa kwako hawa, Mwalimu," akaniambia, akaenda zake kunywa chai.

Wakanifuata kwenye mvua na mabegi yao, godoro la sponji limefunikwa kwa lile koti. Niliwaketisha sebuleni, nikapika chai ya maziwa, nikaikata mikate, na niseme ukweli, nilikuwa nimewakasirikia. Wangekimbia kama wenzao, sasa hivi ningekuwa nimekaa kwa amani.

"Mbona hamkujificha?"

"Tulijificha muhula uliopita," akasema yule mfupi. "Tulichoka."

Huyu alikuwa mtoto wa Nakuru, baba yake akifanya kazi kiwandani. Yule mrefu alitoka Kuresoi, kwao ni wakulima. Nilijaribu kuwatega, kwa maana nilikuwa bado nataka kujua. Mfupi akasema yeye ndiye afaaye kutoka, Nakuru ni karibu, anaweza kwenda na kurudi kila siku. Mrefu akasema huyo ni mwongo, kwao wanalala sita chumba kimoja na hakuna pa kuweka hata kitabu, afadhali yeye arudi Kuresoi akavune waru, masomo yatamngoja. Mfupi akasema masomo hayamngoji mtu, dada wa huyo mrefu aliahirisha na sasa ameolewa. Wakabishana hivyo mbele yangu, kila mmoja akijifukuza mwenyewe, chai ikapoa. Nilijaribu kukasirika tena nikaona siwezi.

Yule mrefu akaomba kwenda msalani. Nikamwonyesha, ni mwisho wa korido. Alikaa sana. Aliporudi nikamwona anatembea kwa ncha za vidole, amebeba viatu mkononi.

"Viatu vina nini?" nikauliza.

"Hapana, Mwalimu. Nilikuwa napita polepole, nisisumbue wenye wako vyumbani." Akakaa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu: "Huku mnakaa wangapi?"

Nyumba ile ina vyumba vitatu vya kulala. Kimoja ni changu. Cha pili kilikuwa na mitihani ya zamani na mifuko ya kupewa kwenye semina. Cha tatu kilikuwa na kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya wageni, na sikukumbuka ni mgeni gani alikilalia mara ya mwisho. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kwa wiki nzima nilikuwa nimehesabu watu katika kila chumba cha hosteli ile, na kwenye kamati nikabishana juu ya ghorofa ya tatu ya kitanda.

"Hakuna mtu vyumbani," nikamwambia. "Ni mimi tu."

Akaanza kuvaa viatu vyake. Mwenzake naye alikuwa ameacha kunywa chai.

Nikainuka, nikaifungua milango yote miwili. Mitihani nikaisukuma kwa mguu mpaka pembeni. Nikawaambia kwamba Jumatatu nitakwenda ofisini mwenyewe, niseme kwamba huyo asiye na kitanda anakaa kwangu, na kama kuna sheria inayokataza waniletee niisome. Kitanda kilikuwa cha nani sikuwauliza tena.

"Chagueni vyumba," nikasema. "Kila mtu chake."

Walikwenda wakavitazama. Nilisikia wakinong'ona muda mrefu. Nilipowafuata niliwakuta wote wawili wameingia kile chenye kitanda, mabegi yamepangwa chini, mto mmoja kichwani na mwingine miguuni.

"Na hicho kingine kina nini? Si kiko wazi?"

Wakatazamana. Yule mfupi akashusha macho, yule mrefu ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, kuna msichana mwingine. Ako kanisani tangu alfajiri na begi yake. Hajui mahali ataenda."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Nikachukua mwavuli nikaenda kumleta.