Nusu Nauli, Bila Dereva

Mdomo wangu, mimi Osinya, uliniponza hata kabla gari halijawashwa.

Nilikuwa dereva wa gari la Mama Damalie, la abiria wa Busia kwenda Majanji. Redioni nikasikia kwamba ng'ambo kuna magari yanayojiendesha, basi nikajifanya profesa wa steji, pale tunapopakia abiria. Niliwaambia abiria yakifika kwetu nauli itashuka nusu, kwa kuwa mashine haili chapati wala haidai mshahara. Walinisikiliza midomo wazi, nami kichwa kikavimba. Haikunijia akilini kwamba mla chapati mwenyewe ni mimi.

Asubuhi moja Mama Damalie alinionya: nisipoleta hesabu kamili, pesa yake ya siku, jioni ile, ufunguo atapewa Ebong, dereva mwenzangu. Steji ilikuwa imedorora. Hapa kwetu hakuna anayeingia gari tupu, kwa hiyo huwa tunawalipa watu wakae ndani wajifanye abiria mpaka wa kweli waje. Sikuwa na cha kuwalipa. Nikavaa kofia ya mvua, nikaketi nyuma mimi mwenyewe.

Kweli, gari likaanza kujaa. Kevina, muuza samaki wa Majanji, akaingia na beseni lake.

"Dereva iko wapi?"

"Hawa madereva hawana adabu," nikajibu kwa sauti nzito, uso dirishani. Nilijitukana vizuri mpaka wengine wakanisaidia. Mmoja alisema Osinya anapiga kelele kuliko injini.

Kiti cha mwisho kilipopata mtu nikashuka, nikavua kofia, nikashika usukani. Walicheka mpaka gari likatikisika.

"Wewe nasema gari bila dereva ni nusu," Kevina akasema. "Sisi nakaa bila dereva saa nzima. Nalipa nusu, ndugu yangu."

Nilibembeleza, nikataja watoto wangu. Wapi! Habari ilitufuata mpaka Majanji, na abiria wa kurudi nao wakatoa nusu.

Jioni Mama Damalie alihesabu, akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Niliumia, sifichi.

Ebong hakushusha nauli hata kidogo. Kila asubuhi ananipa hela ya chapati, nami naketi nyuma na kofia yangu mpaka gari lijae. Kisha nashuka, wanaondoka.