Mwenye Hadithi ya Zizi

Monika Masele alikuwa anachora mabango ya saluni na vibanda vya chipsi hapa Bariadi, na ukimwonyesha ukuta mtupu aliutazama kama mwenye njaa anavyotazama ugali. Mcheshi, mbishi, hana siri. Ndiyo maana nilimwamini tulipoanzisha ushirika wetu wa watu watatu: yeye mchoraji, Damas, mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, mwandishi wa kanuni, na mimi Rahel mwenye steshenari na mashine ya kuchapa.

Tunachapa michezo ya kusimulia. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya wachungaji au wasafiri, na kete zinaamua nani anapona. Mchezo wetu wa kwanza unaitwa Zizi. Ndani yake kuna kizee anayelinda mlango wa zizi. Hadithi hiyo Monika aliitoa kwa bibi yake mzaa mama, marehemu Minza, aliyeishi na kuzikwa Kiloleli. Katiba yetu ilikuwa nyepesi: alicholeta mmoja ni cha wote, sawa kwa sawa. Tulisaini huku tunacheka.

Basi Zizi likapendwa, tukakaa kutengeneza la pili, lenye kizee yuleyule mlangoni. Hapo Monika akagoma. Hachori tena, akasema, mpaka bibi yake apewe fungu la nne.

"Marehemu hasaini, Monika," Damas alimwambia.

"Hadithi haikuwa yangu, mwalimu. Bibi alinipa niitunze, kama mtu anavyopewa ng'ombe wa kufuga. Maziwa unakunywa, ndama ni wa mwenye ng'ombe."

Mimi Msukuma, mzaliwa wa Binza, mila hiyo naijua. Ukichanganya ng'ombe wa watu na wako, mwenyewe huja. Nikamwuliza anaogopa nini hasa.

"Huu mchezo wa pili ndio ndama, na tumeshamgawana akiwa tumboni," akajibu bila kunitazama. "Bibi akija akakosa chake, atanichukua mimi."

Nikamwambia aache upuuzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi, mjinga, nilidhani wanasema habari za nguo tu.

Damas akaona tuucheze huo mchezo wa pili mchana uleule, pale dukani, ili Monika ajue ni karatasi tu. Usimulizi akaushika yeye. Ujue Kisukuma cha Damas kinaishia kwenye "mwangaluka", na hata hiyo salamu ya asubuhi yeye huitoa jioni.

Jua lilikuwa linachoma bati. Tukarusha kete, tukafika mlangoni mwa zizi. Damas akafungua mdomo amsemee kizee, kikatoka Kisukuma. Tena cha wazee, cha taratibu, chenye maneno ambayo siku hizi nayasikia kwa mama yangu tu. Macho ameyatuliza kwenye kete.

"Ni yeye," Monika alininong'oneza. Kisha akamgeukia Damas, akaongea Kisukuma kwa adabu: "Bibi, tumekuwekea fungu lako. Sawa na letu."

Damas akacheka kicheko kidogo cha kikongwe.

"Mwenye ng'ombe hagawiwi na wafugaji," akasema. "Mwenye ng'ombe ndiye anayegawa."

Akagawa. Mashine na karatasi akanipa mimi. Hadithi akampa "huyu mgeni aliyeniazima mdomo." Halafu akaanza kusogeza kete upande wa Monika, mojamoja, polepole, kama anayeswaga mifugo.

"Na mimi, bibi?" Monika aliuliza. "Si mimi niliyekufugia?"

"Wewe hukuwa mfugaji, mjukuu wangu. Nilimpa mama yako hadithi aitunze, akakuzaa wewe. Wewe ndiwe ndama."

Damas akapepesa macho, akatuuliza kwa Kiswahili zamu ni ya nani. Monika alikuwa ameshasimama, anatafuta kandambili zake chini ya meza kwa mguu, uso umetulia kabisa, na utulivu ule uliniogopesha kuliko ile sauti. Nikamshika mkono. Nikamwambia akae, katiba tutaibadilisha, mchezo tutauchoma, chochote anachotaka.

Akanitazama kwa huruma.

"Rahel," akasema, "umeshika ndama wa watu."

Nikamwachia, akatoka juani kuelekea kwenye magari ya Kiloleli.