Chiriku na Taa Mbili za Kijani

Tangu utoto wake hakuwahi kukaa akakalika. Walimu wenzake walimwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, na jina likamganda hata wazazi wa wanafunzi wakamwita Mwalimu Kiguu bila kujua kwamba wanamtania. Alifundisha darasa la sita kwa miaka mingi akizunguka kati ya madawati, huku kiti chake kikibaki kipya kama siku kilipotoka kwa seremala. Alipokwenda kuishi kwa dada yake, fundi cherehani, alikoroga masufuria yasiyo yake, akawafunga kamba za viatu watoto wa wateja, akapanga na kupangua vitambaa mpaka dada akaja juu.

"Mdogo wangu, keti! Unanitia kizunguzungu, nitajishona kidole."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kusomea utafiti wa elimu, na utafiti alioupenda ukamtaka akae kitako, atazame, asiguse kitu. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Alitaka kujua kama watoto wa shule mbalimbali, wasiojuana hata sura, wanaweza kufundishana hesabu kwa kucheza pamoja mtandaoni. Mchezo wenyewe uliitwa Mji wa Maji. Kila kikundi kilikuwa na watoto watatu, kila mtoto na shule yake, na kila mmoja alikabidhiwa koki moja na kipande kimoja cha hesabu. Maji hayakufika majumbani mpaka vipande vyote viunganishwe na koki zote zifunguliwe kwa zamu. Njia ya kuelewana ilikuwa moja tu, kuandikiana katika kidirisha kilichokuwa pembeni mwa mchezo. Kikundi kisichozungumza, mji wake ulikufa kiu.

Kila alasiri Kiguu alijifungia katika chumba chembamba cha wanafunzi wa utafiti, chini ya feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza, akasoma maneno ya watoto na kuyapaka rangi. Ujumbe unaoanzisha jambo, au unaomwonyesha mtoto akijipima mwenyewe, aliupaka kijani. Jibu lilipata manjano. Porojo zilipata kijivu. Kijani ndiyo iliyokuwa na alama nyingi, maana vitabu vyote alivyosoma vilisema kwamba anayeanzisha ndiye anayeongoza wenzake. Kanuni hiyo aliitunga yeye, msimamizi wake akaisifu, na mwanafunzi mwenzake aliyepewa kazi ya kupaka upya ili kuhakiki akapata rangi zilezile. Walipongezana wakanywa chai.

Juu ya wote alikuwa Chiriku. Hilo ni jina la kuchezea alilojichagulia msichana mmoja wa darasa la sita, na kweli aliandika kama chiriku anavyoimba. "Jamani, nani ana kipande cha kwanza?" Kijani. "Tuanze na koki yangu?" Kijani. "Nimefungua, zamu yenu." Kijani. Katika mchoro wa Kiguu mstari wa Chiriku ulipanda juu ya mistari ya wengine wote, na msimamizi alipouona alisugua viganja.

"Mwalimu, huyu ni kiongozi wa kuzaliwa. Huyu ndiye moyo wa tasnifu yako."

Kiguu alitabasamu, lakini kitu kilimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Alisimama, akaketi, akaenda dirishani, akarudi. Alisoma tena ukurasa wa kikundi kile kuanzia juu hadi chini na kuona kijani tupu. Manjano haikuwemo. Kando ya majina ya wenzake wawili, taa ndogo za kijani ziliwaka kuonyesha kwamba wapo mchezoni. Basi mbona hawajibu? Wamenuna? Wamemtenga? Mji wao haukuwa umepata hata tone.

Mtafiti mwingine angeandika swali lake pembeni na kuendelea. Kiguu alichukua mkoba. Akakata mitaa kwa miguu, jua likimchoma utosini, mpaka shule ya mmoja wa wale wawili. Mwalimu wa kompyuta alimpokea kwa bashasha na kumfungulia chumba. Mashine zilikuwa zinanguruma, mchezo uko wazi, taa inawaka, viti vimepandishwa juu ya meza. Hapakuwa na mtoto hata mmoja.

"Watoto wako wapi?" Kiguu aliuliza.

"Wanajiandaa na mtihani. Mwalimu mkuu amekichukua kipindi chote," alijibu yule bwana. "Lakini usiwe na shaka, mwalimu. Mimi ni mtu wa ahadi. Kila siku nawasha na kuwaingiza kwa majina yao, ili utafiti wako usikwame."

Alilisema hilo kwa fahari, na Kiguu alishindwa hata kumkasirikia. Shule ya pili alikuta vivyo hivyo, ila huko viti vilikuwa chini.

Alirudi chuoni mbio, roho mkononi. Kumbe kiongozi wa kuzaliwa alikuwa mtoto anayewaita watu wasiokuwepo! Kadiri alivyokosa jibu ndivyo alivyoita tena, na kadiri alivyoita ndivyo Kiguu alivyompa alama. Siku ile, Jumanne, ukurasani palikuwa na ujumbe mpya: "Nimekosea wapi? Niambieni tu, sikasiriki." Mwenzake wa kuhakiki alikuwa ameshaupaka. Kijani, kwa sababu mtoto anajipima mwenyewe.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani na kuifuta kwa tai. Hakuwa mtu mbaya, ni mtu wa taratibu tu.

"Pole. Lakini mchezo unafungwa Ijumaa. Subiri ufungwe, ndipo tutaamua la kufanya na kikundi hicho."

"Profesa, mtoto anadhani wenzake wamemsusa. Niruhusu nimpigie simu mwalimu wake, neno moja tu."

"Ukisema neno moja umeingia mchezoni, na kikundi kimetoka kwenye utafiti. Kukatika kwa mtandao kumeshakula vikundi vingapi? Hivi vilivyobaki ndicho kiwango cha chini kabisa. Kikitoka kimoja, unaanza upya mwakani. Na ruhusa uliyopewa kazini ya kuja kusoma inaisha lini?"

Ilikuwa inaisha muhula huohuo, na msimamizi alijua kwamba Kiguu anajua. Kurudi darasani bila shahada kulimaanisha kuanza moja, kana kwamba hakuwahi kutoka. Kiguu alisema, "Sawa, Profesa," na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Jioni alimsimulia dada yake huku akizunguka cherehani kama kishada kilichokatika uzi.

"Siku zenyewe si zinahesabika?" alisema dada. "Subira yavuta heri."

"Heri ya nani, dada?"

Dada alisimamisha gurudumu. "Hapo sijui. Mimi najua nguo. Nguo ikimbana mtu, siisubiri Ijumaa."

Hata hivyo Kiguu alisubiri. Alipiga moyo konde akasubiri Jumatano, akasubiri Alhamisi, akipaka rangi huku mguu ukigonga sakafu mpaka jirani wa chumba cha chini akagonga dari kwa ufagio. Ujumbe wa Chiriku ulipungua. Alhamisi uliingia mmoja tu: "Hamjambo?" Kiguu hakujua aupake rangi gani, akauacha mweupe.

Ijumaa alasiri palikuwa na mazoezi ya uwasilishaji. Chumba kilijaa walimu wa chuo na wanafunzi wa utafiti, mchoro wa mistari ukaangazwa ukutani, na pembeni yake, kwa wazo la msimamizi, kukafunguliwa kidirisha cha kikundi cha Chiriku ili wageni waone mchezo ukiendelea. Kiguu aliongea vizuri. Miguu ilimtembeza huku na huko mbele ya ukuta, na watu wakadhani ni ufundi wa kuhutubia.

Maneno yakatokea ukutani, makubwa kama tangazo la barabarani.

"Basi kwaherini. Nadhani mimi sijui kucheza na watu."

"Mnaona?" alisema msimamizi kwa upole, akiwageukia wageni. "Hata katika kushindwa, anajitathmini."

Wageni wakaitikia kwa vichwa, wa nyuma wakaandika. Hapo Kiguu alipandwa na hasira, hasira juu ya mchoro, juu ya kijani, na zaidi juu ya Kiguu aliyekaa akatulia kwa mara ya kwanza maishani mwake pale ambapo kutulia kulikuwa dhambi. Akaiendea kompyuta na kuinama. Msimamizi alisema, "Mwalimu," mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. Kiguu aliandika, na kila herufi ikapanda ukutani.

"Chiriku, usiondoke. Mimi ni mwalimu mwenye mchezo huu. Hujakosea popote. Wenzako hawapo. Mashine zao zinawashwa tu, hakuna mtu."

Mtu mmoja alikohoa. Msimamizi alikaa chini taratibu na kufunga kalamu yake, maana aliona kwamba kikundi kimeshatoka na mwaka wa mwanafunzi wake umetoka nacho. Kiguu naye aliliona hilo, na ajabu ni kwamba halikumuuma kama alivyotarajia. Alihisi mwepesi. Aliona amefanya jambo jema, akangoja mtoto afurahi.

Jibu lilikuja kwa vipande.

"Kumbe kuna mwalimu."

Halafu: "Ulikuwa unasoma ninavyoandika?"

"Ndiyo," aliandika Kiguu.

"Vyote?"

"Vyote."

"Na ulijua hawapo?"

Angeweza kusema kwamba amejua sasa hivi, na ukutani pale hakuna ambaye angembishia isipokuwa msimamizi. Akaandika, "Nilijua tangu Jumanne."

Wageni walisoma pamoja naye. Kisha swali likapanda ukutani, na hili halikuwa la kujibiwa kwa neno moja.

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Kiguu alivuta kiti, akaketi kumjibu.