Shokamzoba za Kigari cha Gofu

Mzungu aliyekuwa na shamba karibu na Chekalini aliuza ng'ombe, akauza trekta, akaenda zake mwaka ule wa bendera mpya. Kitu kimoja tu hakikupata mnunuzi: kigari chake cha gofu, cha petroli, alichokiagiza ng'ambo kwa sababu ya goti bovu. Walowezi wapya walipogawiwa ekari zao, kigari kikawa mali ya kamati. Waling'oa pale pa kuwekea magongo, wakapigilia ubao. Kaya arobaini hazikuwa na chombo kingine cha moto, na fundi wake alikuwa Joash.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, shokamzoba za nyuma zikafa. Mafuta yote yalivuja, kigari kikawa kinaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Watu walicheka. Joash hakucheka, kwa kuwa mkewe, Navalayo, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimetoka. Muuguzi wa zahanati, maili tisa kwa barabara ya murram, alikuwa amewaambia wote wawili: akiona damu aletwe siku hiyo hiyo, lakini asitikiswe. Mtikiso ndio utakaommaliza mtoto.

Basi Joash akamwagiza Yakub wa Mumias, aliyezunguka akiuza vipuri vikuukuu. Yakub akaja Alhamisi na gunia, akawasalimu wanakamati mlangoni pa ghala la mahindi, akatoa jozi mbili. Moja ilitoka kwenye pikipiki, nyingine kwenye pikapu.

Joash alizipima kwa namna yake. Alisimamisha moja moja, akaikandamiza kwa uzito wa kifua, akaiachilia. Ya pikipiki ilizama taratibu, ikarudi taratibu. Ya pikapu haikuzama hata kiasi cha ukucha.

"Tuchukue hizi za pikipiki," akasema. "Kigari ni chepesi. Ukikiwekea ngumu, barabara yote itaingia kwa mgongo ya mtu."

Mwenyekiti Lazarus, ambaye sikuwahi kumwona akipenda mtu kama alivyopenda mahindi, alitabasamu. "Mgongo ya nani, Joash? Sisi tunabebanga mahindi. Hizo laini, tukiweka gunia tano, zitalala chini kabisa."

"Wallahi siwadanganyi," Yakub akasema. "Kwa mzigo, chukueni za pikapu. Kwa mtu, chukueni za pikipiki. Niambieni tu mtabeba nini."

Wote wakamgeukia fundi. Maneno matatu yangetosha: mke wangu mjamzito. Na kila aliyekuwa pale alikuwa na macho, alikwisha kuliona tumbo la Navalayo. Lakini huku kwetu kuona ni kuona, kusema ni kitu kingine. Mtoto ambaye hajazaliwa hatajwi, hanunuliwi nguo, hatayarishiwi hata kitambaa. Anayemtayarishia anamwonyesha njia mwenye jicho baya. Kwa mimba zile mbili kutoka, mama yake Joash aliilaumu shuka ambayo Navalayo alinunua mapema. Sasa Joash akajiuliza kama shokamzoba nazo si shuka nyingine, akaogopa. Wenzetu wa pwani husema mficha uchi hazai. Sisi tunaficha, tena tunasifiana kwa kuficha, na hasira hunipanda kila nikiikumbuka Alhamisi ile.

"Mahindi," Joash akasema.

Akazifunga zile ngumu kwa mikono yake mwenyewe, akazikaza vizuri, kwa maana hakujua kufanya kazi mbovu.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, watu wakiwa kanisani na hakuna wa kubeba machela, Navalayo aliona damu. Joash alitandika magunia matupu juu ya ubao, akaweka godoro, akamlaza. Alitoa upepo nusu kwenye magurudumu ili yalainike. Aliendesha polepole hata mbwa wakampita. Haikusaidia kitu. Kila kijituta cha murram kilipanda kwenye ubao kama nyundo. Maili ya nne Navalayo alianza kulia kwa sauti. Maili ya sita alinyamaza, na Joash akatamani alie tena.

Mtoto alitoka mfu zahanatini. Alikuwa wa kiume, ametimia vidole vyote.

Jumanne iliyofuata Navalayo alirudishwa nyumbani kwa machela, akibebwa na wanaume wanne. Lazarus akaja kuwapa pole, na ingokho, kuku wa pole, kwapani. Akakaa barazani na Joash.

"Lakini si ungesema?" Lazarus akauliza. "Tungechukua zile zingine."

"Wewe ungesema?"

Mwenyekiti akampapasa kuku mgongoni. "Hapana," akajibu. "Hata mimi singesema."

Mlango ulikuwa wazi, Navalayo akasikia yote. Mgeni alipoondoka, alimwita mumewe.

"Kulikuwa na zingine?"

"Zilikuwako."

"Laini?"

"Laini."

"Njia nzima nilikuwa najituliza," Navalayo akasema. "Nilikuwa nasema moyoni, kama zinauma hivi na mume wangu ni fundi, basi ndizo zilikuwa nzuri kuliko zote." Kisha akageukia ukutani.