Mtini Nyuma ya Jiko

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, baba alioa mke kutoka Pangani. Mama yangu mzazi alikuwa ameachana naye zamani na alikuwa Korogwe kwa mume mwingine, kwa hiyo nyumbani kwetu Amani, juu kwenye mashamba ya chai, tulikuwa watatu tu: baba, mimi, na Bibi aliyemzaa baba. Mke mpya aliitwa Mwanaidi. Niliambiwa nimwite Mama Mdogo. Alishuka garini akiwa amejitanda kanga mbili kwa baridi, mkononi ameshika vijiti vitatu vilivyoviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akanipa vile vijiti nimshikie.

"Polepole, mwanangu. Mtini huo. Nimeukata uani kwa babu yangu."

Kwetu mtini tuliusikia tu chuoni, ndani ya sura ya Qur'ani. Amani mvua inanyesha karibu kila mwezi. Nguo zinakaa kambani siku tatu na viatu vinaota ukungu uvunguni. Kijiti cha kwanza alikipanda mbele ya nyumba, kikaoza. Cha pili kikaoza vilevile, kwenye kopo dirishani. Cha tatu alikaa nacho kwanza, akikiloweka na kukitazama, mpaka alipogundua kwamba ukuta wa nyuma wa jiko unashika joto kutwa, kwa kuwa mafiga yalikuwa upande wa pili. Akachimba shimo hapo, akamimina vigae na kokoto ili maji yasituame, akachanganya udongo na mchanga na majivu, kisha akaegesha kipande cha bati juu kukinga mvua. Kokoto nilimbebea mimi. Baada ya wiki kadhaa likatoka jani moja.

Bibi alikuja kuliangalia. Akalikata ncha kwa ukucha, yakachuruzika maziwa meupe.

"Mti wa maziwa haupandwi ukutani mwa nyumba," akaniambia mimi, si Mama Mdogo aliyekuwa ndani akikuna nazi. "Unakunywa mtu kwanza, ndipo unazaa."

"Mtu gani, Bibi?"

"Wa humu humu ndani."

Alisema bila hasira yoyote, akarudi kumenya mihogo yake. Nimewauliza wazee wengine wa Kishambaa tangu hapo. Wapo wanaoijua imani hiyo, na wapo wanaocheka. Mimi siku zile nilidhani mtu mwenyewe ni mimi, nikawa nazungukia mbali nikienda kuchukua kuni. Kisha nikazoea.

Mwaka wa pili Bibi alianza kukohoa. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Asubuhi moja ya kipupwe niliona damu kwenye kitambaa alichojifutia mdomo, naye akaona kwamba nimeona.

"Usimwambie baba yako," akasema. "Atanipeleka hospitali Muheza, nikafie kwa watu nisiowajua."

Nikaahidi. Nakumbuka nilijiona mkubwa. Kuanzia hapo kila alipokohoa niliimba, au niliburuta kigoda, ili baba asisikie vizuri.

Mtini nao ulikuwa umefika kimo cha bega la baba. Majani yake yalipata madoa ya kutu kwa ule unyevu, na Mama Mdogo aliyachuma moja moja akayachoma moto. Tini za kwanza zilianguka zikiwa mbichi, ngumu kama kokwa. Kabla ya vuli zikatoka nyingine, nne zikashikilia. Bibi alifariki zikiwa bado hazijaiva. Alikuwa ameomba uji. Niliporudi na kikombe alikuwa amegeukia ukutani, nami nikakaa pale nikausubiri uji upoe, kisha ndipo nikamwita baba.

Siku ya tatu ya msiba, Shangazi Hadija, dada yake baba aliyetoka Lushoto, aliniita jikoni.

"Wewe ndiye uliyelala naye. Mama alikuwa anaumwa nini? Hakusema kitu?"

Nilijua cha kumjibu. Ila nilijua pia kwamba nikitaja damu wataniuliza tangu lini, na kwa nini nilinyamaza. Nikasema, "Bibi alisema ule mti utakunywa mtu."

Shangazi akatua sufuria chini. Hakuuliza ni mti gani.

Usiku uleule walimwita Mama Mdogo sebuleni. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Mwanaidi," alisema Shangazi, "mama alikukataza kupanda mti ule?"

"Hakunikataza."

"Alimwambia mtoto."

Mama Mdogo akatazama upande wa mlango. Halafu akasema, "Kama mtoto kasema, basi."

Baba alikuwa anatazama mkeka. Arobaini ilipopita akamwambia mkewe aende kwao akapumzike kidogo, na talaka ikamfuata hukohuko. Siku ya kuondoka Mama Mdogo alinikuta nimekaa nyuma ya jiko.

"Usiumwagie maji wakati wa mvua, mwanangu," akasema. "Uache ukauke kidogo."

Nikamwitikia. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, lakini sikulia. Tini ziliiva mwezi wa kwanza, jua lilipotoka wiki mbili mfululizo. Hakuna aliyezigusa. Mimi nilichuma moja iliyopasuka kwa maji, nikaila. Haikuwa na utamu, nami sikuhisi lolote. Baadaye jirani aliukata ule mti kwa agizo la baba.

Sasa mimi ni mwalimu, naishi Tanga mjini. Mwaka jana nilipelekwa Pangani kusimamia mitihani, nikamuulizia Mama Mdogo. Ni fundi cherehani, ana mume na watoto watatu. Nilipomwambia shikamoo alinitazama kidogo tu, akaniita kwa jina langu.

Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, kabla sijakaa. Nilimwambia kwamba nilijua Bibi anatema damu, na kwamba habari ya mti niliitoa kujiokoa. Alikuwa anashona gauni la sare, hakusimamisha mashine.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Vile vitambaa alikuwa anavifua nani? Hata mimi alinikataza kusema."

"Kwa nini hukuwaambia siku ile?"

Akakata uzi kwa meno. "Ningewaambia, wangekugeukia wewe. Miguu yako niliiona chini ya pazia. Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Wewe kwenu ni pale."

Nimeyabeba maneno hayo mwaka mzima na bado sijui niyaweke wapi. Watu huniuliza kama naamini mti ule ulimnywa Bibi. Bibi alikuwa mgonjwa, angeweza kutibiwa, na watu wawili waliomhudumia walinyamaza kwa kumpenda. Imani ile haikumdhuru mtu mpaka nilipoitamka mimi, kwa kuwa ilikuwa karibu na mdomo kuliko ukweli. Mtoto wa miaka kumi na moja hafungwi kwa hilo. Lakini kuna mwanamke aliyepoteza nyumba, na alikuwa anajua kwa nini.

Mchana ule alinipakulia wali na changu wa nazi. Nilikula vyote, macho makavu. Aliponiuliza kama niongezewe, nilimjibu, "Ndiyo, Mama Mdogo," naye akaniongezea.