Kioo cha Awiti

“Mama Mbithe, kioo nilikuazimisha, au umenirithi nikiwa hai?”

Jirani yangu Awiti alinianza hivyo mlangoni, mteja wangu akisikia. Mimi ni msusi hapa Dandora. Kioo chake cha mpini mrefu nilikiazima ili wateja waone visogo vyao. Huo ulikuwa mwezi wa pili nikiwa nacho.

“Kwani kila asubuhi unajiangalia nini?” nikamjibu.

Niseme ukweli, nilikuwa nimekificha. Mimi na yeye tulipatikana na ugonjwa wa sukari mwaka mmoja, kilo zetu zikiwa karibu sawa. Kliniki ilituambia maneno yale yale: punguzeni mwili, mlinde macho, figo na miguu. Mimi nikarudi kwa chapati zangu. Awiti akakata ugali nusu, akajaza mboga, akawa anashuka matatu steji mbili kabla ya soko la Muthurwa, anakouza omena, amalizie kwa miguu. Dawa hakuruka. Mwaka ulipoisha alikuwa ameangusha kilo kumi na moja njiani. Mimi nikaokota tatu.

Ploti nzima tunakoishi ilianza kwa kunong'ona kwamba mumewe hamlishi. Baadaye ikaanza kumsifu. Hata mume wangu Nzivo, ambaye hajui nikibadilisha kitambaa cha kichwa, akasema, “Awiti siku hizi anatembea kama msichana.” Siku hiyo kioo kikaingia chini ya kitanda. Akitaka kujua anavyopendeza, amuulize Nzivo.

Awiti hakunirudishia ukali. “Siangalii uso,” akasema. “Uso nausikia. Nyayo ndizo nisizozisikia tena, sukari imezitia ganzi.”

Nikakitoa. Akaketi kwenye stuli, akavua kiatu, akaweka kioo sakafuni na kuinua mguu juu yake. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kama punje ya maharagwe. Ndani ya kiatu, kijiwe.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Nitajuaje, na macho yangu yalikuwa kwako?”

Mteja nikamwacha na kichwa nusu. Nikampeleka Awiti kliniki. Muuguzi akakiosha kidonda, akasema kimewahiwa, lakini asikanyagie mguu huo mpaka kipone.

Kesho yake nikaenda kwake kuomba msamaha, maneno nimeyapanga. Hakuyangoja. Alikuwa ameketi, kioo sakafuni, mguu wenye bandeji juu ya kigoda.

“Hilo deni nimelifuta, mama,” akasema. “Sasa vua viatu, tuone nyayo zako.”

Nikavua. Hata na bandeji, mguu wake ulikuwa mwembamba kuliko wangu.